Barua ya wazi kwa ofisa probesheni wetu: huyu mtoto analala na viatu

Mzee wangu, habari za kazi. Mimi ni yule mama muuza mukene, yaani dagaa, wa huku West Nile, Uganda, uliyemletea kijana wa miaka 11 wa kulea mwezi wa pili. Nakuandikia wazi hivi kwa sababu ofisini nimekuja mara tatu, mara ya kwanza uko fildi, mara ya pili uko semina, mara ya tatu askari wa geti akaniambia mama rudi wiki ijayo, na hela ya boda mimi ndo najua inatoka wapi.

Kijana analala na viatu. Siku za kwanza nikadhani ni uvivu tu wa watoto wa kiume, nikamkaripia, na hiyo najuta mpaka leo. Halafu usiku mmoja nikaingia na tochi ya simu kumfunika blanketi, nikaona kamba za viatu zimefungwa mafundo mawili mawili, na chini ya kitanda kuna kavera nyeusi, mfuko wa plastiki, ndani suruali moja, kikombe cha plastiki na vipande vya posho, yaani ugali, vimekauka kama chaki. Asubuhi nikamuuliza polepole. Akasema, "huwa wanakuja kunichukua ghafla."

Mzee, kwangu ni nyumba yake ya nne. Hiyo ameniambia mwenyewe, kwenye karatasi ulizoniachia haimo.

Ulipokuja ulihesabu vyumba, ukaangalia choo, ukauliza chandarua kiko wapi, ukapiga muhuri. Sikatai, mtoto hawezi kupelekwa akalale bandani na mbuzi. Lakini fomu yako haiulizi mtoto analala vipi, anaogopa nini, nani alikufa yeye akiona. Mimi napewa mtoto kama mtu anayepewa mzigo uliofungwa halafu anaambiwa usiudondoshe.

Shuleni ndo kabisa. Akikaa kimya ni kiburi, akilia hajulikani analilia nini, siku moja teacha akamtandika kwa sababu alitoka darasani bila ruhusa, na tangu marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016 viboko shuleni vimekatazwa, tena wewe hiyo sheria unaijua kuliko mimi. Alitoka kwa sababu gari liliingia getini. Gari tu! Kila gari kwake limekuja kumbeba.

Nikampeleka kituo cha afya. Wakampima malaria, hana, wakampa panadol. Dada mmoja pale akaninong'oneza ati labda nifikirie Butabika, hospitali ya wagonjwa wa akili. Unajua huku hilo jina linavyotumika, watoto wakigombana ndo tusi lenyewe. Na hospitali yenyewe iko Kampala, karibu kilomita 500, basi la usiku kucha, nimwache nani na meza yangu sokoni? Halafu huyu mtoto si kichaa. Ana woga na huzuni, vitu ambavyo mtu aliyesomea kusikiliza watoto angeanza kuvifungua hapa hapa kwetu, na sheria ya afya ya akili ya 2018 yenyewe inataka huduma hiyo ipatikane mpaka kwenye vituo vya afya vya chini. Namba 116 ya watoto naijua, ni ya bure, ila mtoto asiyeongea hata na mtu anayemwona usoni atampigia nani?

Kwa hiyo naomba hivi. Ukimpa mtu mtoto, mwambie ametoka nyumba ngapi na nini kilimkuta, hata kwa mdomo. Ukae na watu wa afya wilayani, siku moja kwa mwezi aje kaunsela anayejua Kilugbara au Kiswahili, sisi walezi tutawaleta watoto wenyewe, tumezoea kutembea. Na usimhamishe mtoto kabla hujamwambia yeye mwenyewe, mapema, kwa maneno ya kueleweka. Hii ya mwisho haihitaji bajeti wala semina.

Alhamisi niko nyumbani toka saa nane. Ukija acha gari kule barabarani kwa chemani wa LC1, mwenyekiti wetu wa kijiji, utembee kwa mguu. Choo ulishakiona. Kaa naye chini ya mwembe, usimuulize chochote kwanza, anapenda kuchonga vigari vya muhogo, atakuonyesha. Na ukimkuta na viatu, tafadhali usimwambie avue.

Mama mlezi, West Nile