Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje: Sahara Magharibi tusiiuze kwa mfuko wa mbolea ya DAP

YAH: KUTAMBUA SAHARA MAGHARIBI KUWA MALI YA MOROKO

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mimi ni mkulima wa Ngarenanyuki, huku nyuma ya Mlima Meru, nalima nyanya na vitunguu na mahindi ya kula nyumbani. Mambo ya nje siyo fani yangu, fani yangu ni kupambana na kantangaze, yule mdudu anayemaliza nyanya, na nilishajiapia siandikii tena viongozi maana majibu huwa hayaji. Ila kwa hili la Sahara Magharibi, ile nchi ya jangwa kaskazini magharibi mwa Afrika ambayo Moroko inasema ni yake, nimeshindwa kunyamaza.

Juzi nimeamka saa tisa usiku kufuata mbolea ya ruzuku. Saa kumi na moja nimefika nikakuta watu kumi na sita wameshanitangulia, namba yangu ya mkulima nimeiandika kiganjani kwa peni sababu simu yangu chaji ni ya kubembeleza. Saa nne mtandao ukakata. Mpaka saa nane jasho limeshafuta tarakimu mbili za mwisho na hakuna hata mmoja aliyepata. Ndo kijana mmoja pale mezani akaanza kutupoza, eti wazee vumilieni, mbolea itashuka bei tukielewana na Moroko, tatizo sisi bado tunang'ang'ania lile jangwa la watu. Mama mmoja akadakia, si wapewe tu hilo jangwa DAP ishuke! Na mimi nikuambie ukweli Mheshimiwa, kama dakika tano hivi nilimuunga mkono kabisa. Njaa haina adabu.

Nikarudi nyumbani mikono mitupu, hela ya bodaboda imeenda, lakini lile neno likakataa kutoka kichwani. Kwani hayo maneno kijana kayatoa wapi? Mimi nahisi yanaanzia juu huko, yanashuka taratibu mpaka kwenye foleni ya mbolea ili siku mkisaini sisi tuwe tumeshazoea. Kama nakosea nisahihishe, nitafurahi sana.

Naomba nikukumbushe mambo ambayo najua unayajua. Tarehe 1 Novemba 1978 Idi Amin alitangaza kwamba Kagera yote mpaka mtoni sasa ni Uganda. Kwa maneno tu, akasema ni yake. Wenzetu wa Afrika wengi wakatuambia tukae tuongee. Sisi tukasema uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Sasa mwezi huo huo wa Novemba, Kagera ikiwa bado mikononi mwa Amin, Tanzania ikaitambua Jamhuri ya Wasahrawi, yaani wenyeji wa Sahara Magharibi. Yaani tuko vitani, hela hakuna, na bado tukapata muda wa kusema kwamba ardhi ya mtu haichukuliwi hivyo. Leo tuna amani, tunaambiwa tubadilishe kwa mbolea.

Na huku kwetu ndo usiseme. 1951 mkoloni aliwatoa Wameru kama 3,000 hapa hapa Ngarenanyuki, nyumba zikachomwa, mashamba wakagawiwa walowezi. Bibi yangu mpaka anakufa haongelei nyumba, anaongelea maharage, kwamba yalikuwa yameshatoa maua na hakuruhusiwa kurudi kuyachuma. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet akaenda mpaka New York kulalamika Umoja wa Mataifa, Mtanganyika wa kwanza kusimama pale. Wengi walimuonea huruma, ila kura za theluthi mbili hazikutimia. Sasa nikisikia Wasahrawi wako kwenye mahema kule Tindouf, Algeria, tangu miaka ya 1975 na 1976, watoto wamezaliwa humo wakazaa na wao humo humo, mimi simuoni mgeni. Naona maharage ya bibi.

Halafu siyo kwamba kesi yao haijasikilizwa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema tarehe 16 Oktoba 1975 kwamba kuna makabila ya kule yalikuwa na uhusiano wa utii kwa Sultani wa Moroko, lakini hiyo siyo umiliki wa ardhi, wenyewe waulizwe. Wiki tatu baadaye Mfalme Hassan II wa Moroko akavusha raia 350,000 kwa miguu kuingia kule. 1991 silaha zikawekwa chini kwa ahadi ya kura ya maoni, Umoja wa Mataifa ukapeleka kikosi ambacho hiyo kura iko mpaka kwenye jina lake. Kikosi kipo mpaka leo, kura hakuna.

Na Arusha jambo hili tumeshalisikia pia. Mahakama ya Afrika iko hapa, njia ya Dodoma, daladala za Kisongo zinapita mbele. Septemba 2022 ilitoa hukumu kwenye kesi ambayo Tanzania ilikuwa mmoja wa walioshtakiwa, haikututia hatiani, ila ilisema wazi kwamba Wasahrawi wana haki ya kujiamulia na Moroko kukaa kule kunaivunja haki hiyo. Najua hiyo mahakama hatuko nayo vizuri, 2019 tuliwafungia raia wetu mlango wa kwenda kushtaki moja kwa moja, lakini mgeni wetu akisema jambo la maana asikilizwe bana.

Najua mtanijibu dunia imebadilika. Marekani ilitambua 2020 kwamba kule ni kwa Moroko, Ufaransa ikafuata 2024, Hispania na Uingereza nazo zimeusifu ule mpango wa Moroko wa kuwapa Wasahrawi utawala wa ndani, na Oktoba 2025 Baraza la Usalama likauchukua kuwa msingi wa mazungumzo. Msingi wa mazungumzo Mheshimiwa, siyo hati miliki. Jirani zetu Kenya 2022 Rais wao aliandika mtandaoni kwamba hawaitambui tena Jamhuri ya Wasahrawi, maandishi yakafutwa, kisha Mei 2025 wakarudi kuusifu mpango huo huo. Sisi tusifike huko kwa kuandika na kufuta.

Kuhusu mbolea yenyewe, Moroko wana fosfeti, madini ya kutengenezea mbolea, yao halali kule Khouribga, duniani hakuna nchi yenye akiba kubwa kuwazidi. Ile ya Bou Craa, ndani ya Sahara Magharibi, inayobebwa kwenye mkanda wa mashine wa kilomita kama 100 mpaka baharini ndo ya ugomvi. Watuuzie ya kwao, tutanunua kwa hela, muuza mbolea anataka hela. Wala siwachukii, mfalme wao alikuja 2016 akasaini mikataba 22, msikiti wa Kinondoni kajenga kweli, tunashukuru. Uwanja wa mpira wa Dodoma tulioahidiwa siku zile nao tunaukumbuka.

Ombi langu ni moja. Simama bungeni useme Tanzania haitaitambua Sahara Magharibi kuwa ya Moroko mpaka wenyewe wapige kura. Sentensi moja tu. Na kama mmeshaamua vingine, basi tuambieni kabla ya kusaini, siyo tusikie kwenye foleni. Ila naomba useme. Sema tu.

Wako mtiifu (mpaka sasa),
Mkulima, Ngarenanyuki

N.B. Leo asubuhi nimeulizia, mtandao wa mbolea bado haujarudi.