Mjomba, huo si uzee

Mjomba, shikamoo.

Najua barua hii utasomewa na wajukuu, maana simu yako ni kitochi. Nimeiandika hadharani kwa sababu wako wajomba wengine, Newala, Masasi, Nachingwea, ambao msimu wa korosho ukifika watakaa nyuma ya mizani ya chama cha wakulima kama wewe, na wapwa zao hawajapata pa kuanzia. Kwetu Wamakonde mjomba husema, mpwa akasikiliza. Leo naomba unisikilize wewe.

Msimu uliopita ulinisimulia habari ya gunia la yule mama. Mizani ilisoma 76, wewe ukaandika 67, naye akaondoka na stakabadhi asiyoweza kuisoma. Uligundua siku ya tatu mlipopima upya, ukapanda bodaboda hadi kijijini kwao kumtaka radhi. Kilo 9 za korosho ni sare ya mtoto na viatu vyake. Kisha ukaniambia, "Mwanangu, uzee umeingia, kumbukumbu imekwisha. Mwakani nampisha kijana." Neno hilo halijanitoka mpaka leo.

Kumbukumbu yako haijaisha, Mjomba. Unawajua wakulima wa chama mpaka majina ya babu zao. Bei ya mnada wa kwanza unaitaja mwaka baada ya mwaka bila karatasi. Kilichokukimbia siku ile ni umakini, na hivyo ni vitu viwili. Namba ambayo jicho liliipita akili isiipokee haikuingia ghalani, sasa kumbukumbu ingeitoa wapi?

Nilipolala kwako Januari ndipo nilipopata jibu. Ulianza kukoroma kabla sijazima taa. Ghafla kimya. Nilidhani umegeuka ubavu. Kimya kikazidi, nikatazama sekunde kwenye simu: 10, 20, 27. Ndipo ukavuta pumzi kwa kishindo, kama mtu anayeibuka kutoka majini, kitanda kikalia, ukaendelea kukoroma. Muda si muda, kimya tena. Nilihesabu mara 11 ndani ya nusu saa, na kila mara nilikuwa nimeshaweka mguu chini nije kukuamsha. Hadi saa kumi alfajiri ulikuwa umetoka kwenda msalani mara tatu. Asubuhi ukasema umelala vizuri, na hukunidanganya, kwa sababu mwenyewe hujui. Mchana nikakukuta barazani umesinzia, kikombe kimelala mkononi.

Hiyo ni pumzi kukatika usingizini. Nyama za koo hulegea, njia ya hewa inajifunga, hewa inapungua kwenye damu, ubongo unamshtua mtu avute pumzi, kisha anazama tena. Ikitokea hivyo usiku kucha, saa nane za kitandani si saa nane za usingizi. Presha nayo hupanda, na wewe dawa za presha unazimeza miaka sasa. Hata kule kuamka kukojoa kunaweza kutokana na hilo hilo, ingawa sukari na tezi dume navyo vipimwe, tusibahatishe.

Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha matokeo ya watu waliopunguziwa usingizi kwa siku 14 mfululizo. Waliopewa saa 6 au chini ya hapo kwa usiku walifikia kukosea kama watu waliokesha, wengine hadi sawa na kukesha usiku mbili. Kilichonigusa zaidi ni kwamba wenyewe hawakuhisi hivyo. Waliona wamezoea. Na wale walikuwa vijana!

Ni kweli usingizi mzito hupungua kadiri umri unavyokwenda, na mtu huamka mapema. Lakini haja ya usingizi haiondoki: mwenye miaka 66 kama wewe bado anahitaji saa 7 hadi 8. Tena watu wazima wenye afya, wakikeshwa maabara, umakini wao huyumba kidogo kuliko wa vijana. Kwa hiyo, Mjomba, mtu wa umri wako akisinzia mchana mbele ya mizani, tusiusingizie umri. Tutafute kinachomnyima usingizi.

Yako mambo mawili yasiyongoja daktari. Kahawa ya kijiweni baada ya isha, tafadhali iache. Baada ya saa tano au sita nusu ya nguvu yake bado imo mwilini. Na vile vidonge vya mafua unavyonunua duka la dawa ili vikulaze, vingi vya aina hiyo humchanganya mtu mzima akili na kumzuia mkojo. Usivimeze mpaka daktari avione.

Mengine ni ya hospitali. Najua sasa unaamka usiku kwenda shambani kupuliza salfa umande ungali mbichi, na utaniambia huna nafasi. Niachie siku moja tu. Jumanne nakufuata, tushuke pamoja mpaka hospitali ya Ligula, Mtwara, tumweleze daktari habari ya kukoroma, pumzi kukatika na kusinzia, tumwombe atuelekeze kwenye kipimo. Ikithibitika, dawa zipo: kupunguza uzito, kulala ubavu, na kwa wengine mashine inayosukuma hewa puani usiku ili koo lisijifunge.

Kiti cha mizani usimwachie mtu kwanza. Mnada ni Oktoba, muda upo. Sauti ya usiku ule ninayo, dakika sita kwenye simu yangu, na Jumanne nitaanza kwa kumsikilizisha daktari.

Mpwa wako.