Makangaga ya Amani

Amani, Muheza

Mpendwa Zuhura,

Salaam nyingi. Mimi mzima, ila huku nguo ukizianika leo, kesho bado mbichi. Ujumbe wako umenichekesha: eti nimeikimbia bahari nije kuhesabu makangaga, majani tu yasiyo na hata ua! Shoga, ungeyaona usingesema.

Wewe unalijua lile la mikokoni, lisilojali maji ya chumvi. Hilo ndilo la ajabu katika ukoo wao, maana karibu wote chumvi hawaiwezi. Hapa tuko kama mita 900 juu. Upepo wa bahari yenu hiyohiyo unapanda mlima, unapoa, unageuka ukungu na mvua, na makangaga yanajaa kila pahali. Yapo yanayokaa juu ya matawi bila kumnyonya mwenyeji wao, yakikinga majani yanayodondoka na kujitengenezea udongo. Yapo ya kwenye mawe ya kijitoni, jani lake lina unene wa seli moja tu; hewa ikikauka kidogo linajikunja. Kando ya maji lipo linalokua likawa mti kamili, shina lina miiba. Ukiteleza, usilishike!

Hilo la mti lipo pia Kamerun na kisiwa cha Bioko, upande wa pili wa Afrika. Limefikaje kote huko? Kangaga halina ua wala mbegu. Chini ya jani kuna vumbi la kahawia, ndizo spora, na upepo huzipeleka mbali mno. Ila kufika si kuota. Spora huotesha kwanza kitu kidogo mfano wa jani, kilicholala chini, na hapo chembe ya kiume lazima iogelee majini ilifikie yai. Pakiwa pakavu, basi tena. Ndiyo maana, kwa uchache wa aina zake Afrika, mimi naona wa kumlaumu ni ukame, si umbali. Afrika yetu ina milima michache yenye unyevu wa mwaka mzima, na kwa makangaga tumepitwa mbali: Costa Rica, kinchi kidogo mbele ya Tanzania, ina aina zaidi ya 1,000. Dunia nzima zipo kama 12,000, ukihesabu na jamaa zake wa kale kama selajinela. Naona wivu, sikufichi.

Sasa nina ombi. Ukipita mikokoni, pindua majani ya lile kangaga lenu. Ukikuta vijani vya juu vimejaa rangi ya kutu kwa chini, nikatie kimoja, ukikaushe ndani ya gazeti, umpe dereva wa basi la Muheza.

Nisalimie sana Mama.

Wako,
Mwanaidi