Kipimo cha spidi hakitoshi, tazameni ucheleweshaji

NDUGU MHARIRI,

Tunaomba nafasi tuwajibu wakazi wa Dodoma wanaolalamika kuwa intaneti inasuasua wakati wa mikutano ya video. Wengi hutoa ushahidi wa kipimo cha spidi: megabiti 30, wengine 40, na bado sauti inakatakata. Spidi hiyo huenda ni ya kweli kabisa. Kinachokata sauti mara nyingi ni ucheleweshaji, yaani muda wa pakiti (vipande vidogo vya data) kwenda na kurudi, kupanda na kushuka, au pakiti kupotea njiani.

Mwenye kompyuta ya Windows atumie WinMTR, programu inayopima njia nzima ya pakiti. Ni ya bure, nyepesi, na haihitaji kusakinishwa. Andika juu ya dirisha lake anwani ya huduma inayokusumbua (8.8.8.8 inafaa kwa majaribio), kisha bofya "Start". Kila kituo cha njiani, yaani kila ruta (kifaa kinachopitisha pakiti), kitapata mstari wake: "Loss %" ni asilimia ya pakiti zilizopotea, "Avrg" ni wastani na "Worst" ni muda mbaya kuliko yote, kwa milisekunde. Iache dakika 10. Pakiti huenda moja kila sekunde kwa kila kituo, hivyo utakuwa na karibu 600 za kuhukumia. Wenye bando wasihofu: njia ya vituo 10 inakula takriban MB 7 kwa saa.

Mstari wa kwanza kwa kawaida ni ruta yako mwenyewe. Kwa kebo, usome milisekunde 1 au 2. Kwa Wi-Fi, "Worst" ikifika 200 hapo, mnara wa mtoa huduma hauhusiki. Wi-Fi yako inagombania chaneli na ya majirani, au ruta imefichwa nyuma ya kuta mbili za tofali. Chomeka kebo, upime tena.

Panapokosewa zaidi ni katikati. Mtu anaona kituo cha nne kimeandika upotevu wa asilimia 60, anawapigia huduma kwa wateja akiwaka. Ruta nyingi za njiani hubana makusudi majibu ya pingi (pakiti za majaribio ambazo WinMTR hutuma), kwa sababu kazi yao ni kupitisha pakiti, si kujibu salamu. Mstari wa mwisho ukisoma 0, hakuna kilichopotea. Upotevu wa kweli huanzia kituo fulani ukaendelea hadi mwisho. Na vituo vyote vya kati vikiandika "No response from host", kagua kwanza ukuta wa moto (firewall) wa Windows, unaoweza kuzuia majibu hayo.

Umbali nao una gharama yake. Kwa faiba, Dodoma hadi Dar es Salaam na kurudi ni kama milisekunde 5 za safari tupu. Seva ikiwa Ulaya, milisekunde 150 si ubovu. Kwa intaneti ya setilaiti iliyo km 35,786 juu, muda hauwezi kushuka chini ya milisekunde 470, hata mkibadilisha modemu kila mwezi.

Pimeni alfajiri, kisha saa 2 usiku, mlinganishe. Muda ukiruka kutoka 40 hadi 400 pale tu simu ya mtu nyumbani inapopandisha picha, foleni ya pakiti iko kwenye ruta yenu; punguzeni kikomo cha kupandisha hadi asilimia 85 hivi ya spidi halisi.

Matokeo yahifadhiwe kwa "Export TEXT" na yatumwe kwa mtoa huduma pamoja na tarehe na saa. Nao watoa huduma, mteja akileta jedwali hilo, wampeleke kwa fundi badala ya kumwambia azime modemu na kuiwasha.

Mafundi wa mitandao,
Nkuhungu, Dodoma