Wabunge wa Uingereza wahame, jengo litengenezwe

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu jengo la bunge la Westminster kule London, maana kila likitajwa watu wanaongelea kengele ya Big Ben tu basi, na mimi jengo lile nalipenda kwa kweli na inaniuma kuona linavyoachwa.

Wengi wanadhani lote ni la kale, kumbe sehemu kubwa ni ya karne ya 19. Tarehe 16 Oktoba 1834 vibarua walikuwa wanachoma vijiti vya zamani vilivyotumika kuweka hesabu za hazina kwenye matanuri chini ya ukumbi wa malodi (wale wa baraza la juu la bunge), wakavisokomeza kutwa nzima, mchana wageni waliokuwa wanatembezwa humo wakaona moshi na joto la sakafu wakalisikia mpaka kwenye soli za viatu, na bado vibarua wakaendelea kuchoma, jioni moto ukalipuka. Ndo msanifu majengo Charles Barry akashinda shindano la kuchora jengo jipya, na nakshi zile za ndani, vigae, mbao, karatasi za ukutani, ni kazi ya Augustus Pugin ambaye hasifiwi inavyotakiwa, alikufa 1852 akiwa na miaka 40 tu.

Kilichopona ni Westminster Hall, ukumbi wa tangu 1097, paa lake la mwaloni ni la mwishoni mwa karne ya 14 na halina nguzo hata moja katikati. Mei 1941 mabomu ya Wajerumani yakawasha paa hilo na ukumbi wa wabunge usiku mmoja, ikabidi wazima moto wachague, wakaokoa paa.

Leo asbesto, zile nyuzi za hatari kwa mapafu, imejaa, nyaya za umeme zimebanana na mabomba ya mvuke huko chini, walinzi wa moto wanazunguka usiku na mchana! Mwaka 2018 wabunge walipiga kura wahame mafundi wafanye kazi, halafu danadana zikaanza. Eti wengine wanataka ukarabati ufanyike wao wakiwa humo humo, sasa mabomba yanayopita chini ya jengo zima utayafumua vipi na watu wako juu? Na kuhama wanakujua, baada ya ule moto wa 1941 wabunge walikaa ukumbi wa malodi mpaka 1950, malodi wakasogea chumba kingine, na sheria zikapitishwa kama kawaida. Wapange tarehe waondoke.

Msomaji wako