Simu ya anayezama isipigwe danadana: barua ya wazi kwa Katibu Mkuu wa IMO

Kwa Mheshimiwa Arsenio Dominguez,
Katibu Mkuu, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini (IMO),
London.

Mheshimiwa Katibu Mkuu,

Nakuandikia kuhusu simu za kuomba msaada zinazopigwa na wahamiaji kutoka kwenye mashua zilizo hatarini katika Bahari ya Mediterania, na hasa zile zinazopokewa kwanza na watu wa kujitolea.

Tarehe 11 Oktoba 2013, daktari mmoja Msyria aliyekuwa ndani ya mashua iliyokuwa ikiingia maji kusini mwa Lampedusa, kisiwa cha Italia, alipiga simu zaidi ya mara moja kwa kituo cha uratibu wa uokoaji cha Roma. Alitaja mahali walipokuwa, akaeleza kwamba kulikuwa na watoto, naye akaelekezwa awapigie Malta; Malta nao wakamwambia kuwa yuko karibu zaidi na Lampedusa. Meli ya jeshi la majini la Italia, Libra, haikuwa mbali. Mashua ilipinduka jioni hiyo, na zaidi ya watu 260 walikufa, wakiwemo watoto wapatao 60. Mwezi Desemba 2022 mahakama ya Roma iliona kuwa maofisa wawili walizembea, lakini muda wa kuwatia hatiani kisheria ulikuwa umekwisha kupita.

Mwaka mmoja baada ya msiba huo, Oktoba 2014, ilianzishwa Alarm Phone, namba ya simu inayohudumiwa usiku na mchana na watu wa kujitolea walioko Ulaya na Afrika Kaskazini. Hawana mashua wala helikopta. Humwomba mpigaji asome latitudo na longitudo kwenye simu yake ya setilaiti, huuliza idadi ya watu, hali ya injini, wagonjwa na wajawazito, kisha hupeleka taarifa hiyo kwa vituo vya uratibu wa uokoaji na kufuatilia hadi wapate jibu. Pale salio la mpigaji linapokaribia kwisha, humwongezea kutoka mbali ili sauti yake isikatike. Kazi hii naiheshimu sana, kwa kuwa anayeifanya huweza kukaa usiku kucha akimsikiliza mtu asiyeweza kumfikia.

Ninachokilalamikia ni kile kinachotokea taarifa inapokwisha kufika kituoni. Tarehe 13 Juni 2023 Alarm Phone iliwaarifu wenye mamlaka kuhusu Adriana, meli ya uvuvi iliyokuwa imebeba watu wanaokadiriwa kufikia 750 katika eneo la uokoaji la Ugiriki. Usiku wa kuamkia tarehe 14 ilizama mbali na Pylos, mji wa pwani ya Ugiriki, na walionusurika ni 104.

Mheshimiwa, sheria haina upungufu hapa. Mkataba wa Utafutaji na Uokoaji wa mwaka 1979, ambao shirika lako ndilo mlezi wake, unazitaka nchi zichukue hatua za haraka zinapopata habari kwamba mtu yuko hatarini, au anaonekana kuwa hatarini, baharini. Haubagui habari hiyo imeletwa na nani, na unakataza kuangalia uraia au hadhi ya anayeokolewa. Miongozo mliyoipitisha Mei 2004 inasema wazi kuwa kituo cha kwanza kupata taarifa kinabaki na wajibu wa kuratibu mpaka kituo husika, au mamlaka nyingine yenye uwezo, kitakapoupokea wajibu huo. Kumwambia anayezama apige namba nyingine si kukabidhi kazi.

Kwa hiyo naomba utumie nafasi yako kuzikumbusha nchi wanachama, kwa waraka rasmi, kwamba taarifa ya Alarm Phone au ya kundi jingine kama hilo ni taarifa ya hatari kama ile ya nahodha yeyote. Kwamba iandikwe saa ilipopokelewa, aliyeileta athibitishiwe kuwa imefika, na atajiwe kituo kilichoichukua. Naomba pia useme hadharani kwamba kupokea simu ya mtu aliye hatarini na kuifikisha kwa waokoaji si kushirikiana na wasafirishaji haramu, kwa sababu shutuma hiyo imerudiwa mno, na kila inaporudiwa humtia hofu mtu ambaye angejitolea kukaa kwenye zamu inayofuata.

Nasubiri jibu lako kwa heshima.

Mwananchi anayefuatilia masuala ya uokoaji baharini