Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: Kiwewe cha kazini hakina tarehe moja

Mheshimiwa Waziri,

Kazi yangu katika chama chetu cha wafanyakazi ni kuwasaidia wazimamoto, wahudumu wa magari ya wagonjwa, askari polisi na wapokeaji wa simu za dharura kujaza fomu za madai ya fidia. Mwenzetu akianguka kwenye ngazi akavunjika mguu, fomu yake haichukui muda: anatibiwa, na sehemu ya mshahara wake inaendelea kulipwa hadi apone. Aliyejeruhiwa akili na kiwewe, yaani na mambo ya kutisha aliyokutana nayo kazini, tunakwama naye ukurasa wa kwanza, mahali panapoulizwa tarehe na saa ya ajali.

Aandike tarehe ipi? Siku alipomtoa mtoto ndani ya gari lililopondeka? Au usiku ule, miaka mingi baadaye, miguu ilipokataa kushuka garini ingawa mgonjwa aliyemsubiri alikuwa na homa tu? Katikati kuna zamu nyingi alizomaliza, akarudi nyumbani, akaoga, na kesho yake akaripoti tena kazini. Akiandika siku ya kwanza, anajibiwa kwamba muda wa kudai umepita. Akiandika ya pili, anajibiwa kwamba siku hiyo hapakutokea ajali yoyote. Nimewasomea wenzangu majibu ya aina zote mbili, na sijapata namna ya kuwaeleza kwamba waliokataa madai yao walikuwa wakifuata sheria. Lakini ndivyo ilivyo. Sheria iliandikwa kwa ajili ya mifupa na mashine.

Tiba imeshavuka hapo zamani. Ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe (PTSD) uliingia katika mwongozo wa kutambua magonjwa ya akili wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani mwaka 1980, baada ya mjadala mrefu kuhusu askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam. Toleo la mwaka 2013 la mwongozo huo linatambua pia madhara ya kukutana tena na tena na mambo ya kutisha kwa sababu ya kazi, na mifano linayoitoa ni ya waokoaji wanaokusanya mabaki ya miili na ya polisi wanaosikiliza, kesi baada ya kesi, habari za watoto waliodhulumiwa. Yaani jeraha hili linaweza kujengeka pole pole, zamu kwa zamu. Shirika la Kazi Duniani nalo liliuweka ugonjwa huu katika orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi ilipoifanyia marekebisho mwaka 2010. Daktari anaukubali, shirika la kimataifa la kazi linaukubali, na fomu yetu bado inadai saa na dakika.

Wapo waliokwisha kubadilisha sheria zao. Jimbo la Ontario, Kanada, lilipitisha sheria mwaka 2016 inayosema kwamba mtoa huduma za dharura akithibitishwa na daktari bingwa wa akili au mwanasaikolojia kuwa na ugonjwa huu, utachukuliwa kuwa umetokana na kazi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wapokeaji wa simu za dharura wamo pia. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu kila tukizungumzia waokoaji tunawasahau hawa, watu wanaomsikia mama akipiga kelele kisha simu ikakatika, na aghalabu hawaambiwi kilichofuata. California nayo ilianza kutumia sheria ya namna hiyo mwaka 2020 kwa wazimamoto na polisi. Florida nayo ilibadilisha yake, na sababu iliyoiamsha inauma. Waokoaji waliofika katika klabu ya usiku ya Pulse huko Orlando mwezi Juni 2016, walikouawa watu 49 kwa risasi, waligundua kwamba sheria ya jimbo lao ingewalipia matibabu ya akili lakini isingewafidia mshahara waliopoteza, kwa kuwa hawakuwa na jeraha la mwili. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 2018. Sipendi nasi tungoje msiba wa ukubwa huo.

Najua utaambiwa mlango huu ukifunguliwa watapita wadanganyifu. Mheshimiwa, hatuombi mtu alipwe kwa kusema tu kwamba ana kiwewe. Uchunguzi wa mtaalamu unabaki palepale, na mwajiri mwenye ushahidi kwamba chanzo ni kingine anabaki na haki ya kuuleta. Sheria ya Ontario hata imeweka wazi kwamba msongo uliotokana na mtu kuadhibiwa au kuachishwa kazi hauhesabiki. Tunachoomba kihame ni mzigo wa kuthibitisha. Leo umewekwa mabegani mwa mtu asiyelala, anayetakiwa kuisimulia picha ileile mbele ya mtathmini mmoja, halafu wa pili, halafu mbele ya jopo la rufaa. Nimekaa kando ya watu wakati wakisimulia. Wengine huacha madai katikati, na kwenye jalada huandikwa kwamba wamejiondoa kwa hiari.

Kuhusu gharama nitasema kwa kifupi. Ugonjwa huu unatibika. Zipo tiba za mazungumzo zilizotengenezwa mahususi kwa ajili ya kiwewe, na wengi wanaozipata hupata nafuu, wengine hurudi kazini. Anayekataliwa fidia hukosa tiba hiyo, hutumia likizo yake yote ya ugonjwa, kisha huacha kazi pamoja na ujuzi wote ambao umma uligharimia kumfundisha. Hasara hiyo nayo ingehesabiwa na wanaotupigia hesabu.

Ombi langu ni kwamba ulete bungeni marekebisho yatakayoichukulia hali hii kuwa ya kazini kwa kila anayeitikia mwito wa dharura au kupokea simu yake, wakiwamo wanaojitolea na waliostaafu karibuni, na kwamba muda wa kudai uanze kuhesabiwa siku mtaalamu alipothibitisha ugonjwa. Marekebisho ya sheria huchukua muda. Fomu, kwa upande wake, hutolewa na ofisi yako. Unaweza kuagiza sasa hivi iongezwe nafasi ya kuandika kipindi cha utumishi badala ya tarehe ya ajali, na majalada yaliyofungwa kwa kukosa tarehe moja yafunguliwe upya. Niko tayari kuja na wenzangu kueleza, mradi wasilazimishwe kusimulia tena yale waliyokwisha kuyaandika.

Wako katika utumishi,
Mwakilishi wa wafanyakazi wa huduma za dharura